Nyongeza Aliyoidai Edelmira

Edelmira Tarazona alisema "hakuna shida" mahali ambapo mtu mwingine angepiga yowe. Lakini ndivyo tulivyo watu wa Lima. Bosi akisema neno, kwanza tunakubali, tunatabasamu, tunashukuru. Kujishika kichwa tunakuacha hadi tufike nyumbani.

Neno lenyewe lilisemwa Alhamisi asubuhi, ofisini kwa Doctora Olazábal, mwanasheria aliyeacha kesi akafungua biashara ya kuandika. Sauti za mashauri zilizorekodiwa mahakamani zilikuwa zikiletwa pale, na waandishi wake sita wanazigeuza maandishi, neno kwa neno, hata kikohozi cha shahidi. Edelmira ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote sita, na macho hana. Alipofuka akiwa na miaka kumi na tisa, naye sasa alikuwa na hamsini na mmoja. Sikio la kulia lilimsikiliza hakimu. Sikio la kushoto liliisikiliza kompyuta yake, ambayo ilikuwa na programu ya kumsomea kila kilichokuwa kwenye kioo. Mguu ulikaa kwenye kanyagio la kuisimamisha na kuirudisha sauti nyuma. Na vidole, jamani vidole vyake, vilikuwa havina mchezo.

"Kuanzia tarehe mosi tunahama," alisema Doctora. "Windows basi. Kila meza itakuwa na Mac. Mshirika wangu mpya ametaka hivyo, wateja wa video wanataka hivyo, na mashine zimeshanunuliwa."

"Doctora nawe!" alisema Fausto, aliyeketi jirani na Edelmira. "Nimemzoea mke wangu miaka ishirini, leo unaniletea mwingine nianze kumtongoza upya?"

Watu wakacheka. Doctora naye akacheka kidogo, kisha akaiteremsha sauti kama watu wafanyavyo wanapomgeukia kipofu, utadhani hasikii pia.

"Edelmira, hizo Mac nazo zinaongea. Nimeuliza. Utaweza?"

"Hakuna shida, Doctora."

"Kama unaona bora ubaki na kompyuta yako, baki nayo, utafanyia kazi nyumbani. Mimi ninachotaka ni kazi. Jumatatu ya wiki ile nyingine nitampima kila mtu: sauti ya dakika arobaini, iwe maandishi kabla ya chakula cha mchana. Chagua mwenyewe mashine utakayopimiwa. Anayeshindwa, tutaagana vizuri."

Kuagana vizuri! Edelmira alikuwa akiishi na dada yake Zoraida katika vyumba viwili kule Breña, na magoti ya Zoraida yalikuwa yameshamkataza kusimama nyuma ya meza ya kuuza uji wa quinoa. Nyumba ilikula kwa vidole vya Edelmira. Na nani angemwajiri mwanamke asiyeona, mwenye umri ule? Kipofu asiye na kazi mjini kwetu anauza peremende ndani ya mabasi, au anakaa ndani na redio mpaka azeeke. Edelmira alishawahi kuyafanya yote mawili, na hakutaka kuyarudia hata kwa dawa.

Wiki ile ya kwanza alijaribu Mac. Wenzake walipotoka kwenda kula, yeye alibaki na mkate wake mkobani, akaketi mbele ya ile moja iliyokuwa imeshatangulia kufika. Kuongea iliongea kweli, tena kwa sauti nzuri ya mwanamke aliyelala akashiba. Tatizo halikuwa mashine. Tatizo lilikuwa miaka kumi na miwili ya vidole vilivyozoea njia moja. Akibonyeza pale panapomleta mwisho wa mstari, anajikuta mahali pengine kabisa. Akitaka kurudi, hajui arudi wapi. Alipofuka mara ya kwanza walikuwepo mama yake, dada yake, na mlango wa nyumba aliyoijua. Safari hii alipofuka peke yake, ofisini, na harufu ya wali wa kuku ikipenya dirishani.

"Umepata kichumba cha kulala?" Fausto alimuuliza siku ya nne, aliporudi mapema akamkuta ameweka paji la uso kwenye kibodi.

"Nimepotea, Fausto. Nimo ndani ya hiki kidude na sijui mlango uko wapi."

"Mwambie Doctora akuongezee mwezi."

"Nimeshamwambia hakuna shida."

"Si umwambie basi kwamba shida ipo!"

Hakumwambia. Alikuwa na hofu kwamba akilisema neno "siwezi" mara moja tu, watu wangelishika hilo na kuyasahau mengine yote. Mtu mwenye macho akisema hawezi, anafundishwa. Yeye akisema hawezi, watu wanashusha pumzi na kusema, maskini, alijitahidi. Hilo lilimuuma kuliko njaa.

Basi akaamua atabaki na ile yake. Kompyuta yake ilikuwa moja tu, ya kubeba mgongoni. Ya kazini ndiyo hiyohiyo ya nyumbani. Ndiyo iliyomsomea barua za mpwa wake aliye Chile, na masomo ya misa, na riwaya zake za mapenzi ambazo Zoraida alimtania kwazo. Programu ya sauti alipewa na chama cha wasioona ambacho siku hizi hakipo tena, na ile ya kanyagio ilitoka hukohuko kwenye diski ambayo hakuna ajuaye ilipo. Lakini hazina yake hasa ilikuwa vifupisho. Akiandika herufi tatu, mhk, inatokea sentensi nzima: "Mheshimiwa Hakimu, naomba iingizwe kwenye kumbukumbu." Alikuwa navyo elfu mbili na zaidi, vimekusanywa kesi kwa kesi kwa miaka kumi na miwili. Kila Jumamosi alivitengenezea nakala, akaiweka kwenye folda nyingine ndani ya kompyuta ileile, akalala usingizi mtamu. Mcheke ukitaka, yeye aliona amefanya jambo la maana.

Kilichobaki ni kwamba kompyuta ilikuwa imechoka. Mara nyingine ilinyamaza katikati ya neno, ikavuta pumzi, ikaendelea. Kwa mtihani wa dakika arobaini, pumzi hizo zingemmaliza. Fausto alimwambia dawa ni kuiongezea memori, kazi ya nusu saa, na kwamba pale barabara ya Wilson kuna vibanda mia vinavyofanya hivyo.

Ijumaa, siku tatu kabla ya kupimwa, wakaenda. Ilikuwa mwezi wa kumi na Zoraida alikuwa amevaa kanzu yake ya zambarau ya Bwana wa Miujiza, ile ambayo waumini wa Lima humvalia Yesu mwezi huo, analalamikia ngazi moja baada ya nyingine.

"Ghorofa ya tatu! Huko chini hakuna mafundi? Mimi naweka nadhiri ya kuponywa magoti, wewe unakuja kuyamalizia."

"Fausto amesema huyu ni mwaminifu."

"Fausto magoti yake ni mazima."

Fundi aliitwa Yerson. Alikuwa mchangamfu, mikono yake ilinukia risasi ya kuchomelea, na kibandani mwake palilia muziki wa cumbia. Aliipokea kompyuta, akaizungumzia na Zoraida. Alimwona Edelmira, aliiona na fimbo yake nyeupe, akamsogezea kigoda kwa heshima zote. Halafu akaendelea kuzungumza na Zoraida, kwa sababu Zoraida ndiye aliyekuwa na macho ya kumtazama. Hayo Edelmira aliyazoea. Hata kwa daktari wake mwenyewe huulizwa Zoraida mgonjwa anaumwa wapi. Akayaacha yapite. Angejua, angesimama juu ya kile kigoda akapiga kelele kwamba mashine ni yake.

"Memori tu, mama?" fundi alimuuliza Zoraida.

"Memori tu. Ndivyo tulivyoambiwa."

"Njooni kesho saa sita, itakuwa inakimbia."

Wakaelewana bei, wakalipa. Na hapo, wakiwa wameshasimama kuondoka, Edelmira akafumbua mdomo kwa mara ya kwanza. Alisema lile ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angelisema baada ya kulipa, awe ananunua viazi au jeneza.

"Na yapa je, fundi? Nyongeza yetu iko wapi?"

Yerson akacheka kwa furaha. "Kumbe bibi ndiye mfanyabiashara! Haya, bibi, usijali. Nitawawekea nyongeza mpaka mshangae."

Mbona hakukaa kimya? Lakini nani kwetu hukaa kimya? Mama wa machungwa anakutupia chungwa moja zaidi, mama wa supu anakuongezea upawa mmoja, na usipodai anakuona una majivuno. Edelmira alidai hata bila kufikiri, kama mtu anavyosema ahsante. Akashuka ngazi akiwa ameridhika.

Kesho yake saa sita walikuwa pale. Yerson aliwapokea kwa mbwembwe, akaiwasha kompyuta mbele yao. Edelmira aliegemeza kichwa, akangoja sauti. Ikapita dakika. Akasikia feni inazunguka, akasikia cumbia ya kibanda cha pili.

"Mbona haisemi?" akauliza.

"Haisemi tena, bibi!" alisema Yerson kwa fahari. "Hiyo ndiyo nyongeza yenu. Jana nilipoiwasha nikasikia inabwabwaja yenyewe, haraka haraka, maneno hayaeleweki, kila nikigusa kitufe inaropoka. Nikasema, loo, hawa wamama wameingiliwa na virusi vibaya na hawajui. Nimekesha nayo. Nimeifuta yote, nimekupigieni Windows mpya kabisa. Wengine hiyo wanaitoza, mimi nimewapa bure."

Edelmira hakuelewa mara moja. Au alielewa, ila mwili ulikataa. Aliiweka sauti ile iende kasi kiasi hicho kwa sababu sikio lake lilishaizoea. Mtu mwingine akiisikia, ni kelele. Akauliza polepole, neno moja moja.

"Umefuta... yote?"

"Yote. Hakuna hata mdudu mmoja." Kisha fundi, alipoona uso wa Edelmira umebadilika, akaharakisha kumtuliza dada mtu. "Lakini msiwe na wasiwasi, mama, mimi si mshamba. Kabla sijafuta nimewaokolea picha. Picha zenu zote zipo. Mia tatu na kumi na mbili, haikupotea hata moja."

Zoraida, ambaye hajui kompyuta lakini anamjua mdogo wake, alimshika mkono.

"Wewe kijana," alisema Zoraida, "hiyo mashine ni ya huyu. Ndiyo macho yake. Huoni kwamba haoni?"

Cumbia ilikuwa ikiendelea. Yerson akawatazama wote wawili, akaitazama fimbo. Aliposema tena, alisema na Edelmira kwa mara ya kwanza.

"Bibi... mimi nilidhani ni ya dada yako. Sikujua kama... Wasioona wanatumiaje?"

"Kulikuwa na folda ya vifupisho," alisema Edelmira. "Na nyingine ya nakala yake. Itafute, mwanangu. Nakuomba. Itafute."

Alitafuta, lazima tumpe haki yake. Alifunga kibanda, akafukuza wateja, akajaribu hiki na kile mpaka saa kumi, jasho likimtoka. Lakini alikuwa ameandika mapya juu ya ya zamani, na pale palipokaa miaka kumi na miwili hapakuwa na kitu. Alitaka kurudisha pesa za memori. Edelmira alizikataa, kisha Zoraida akazichukua. Kushuka ngazi safari ile Zoraida hakulalamika hata ngazi moja.

Jumapili Fausto alikuja Breña akaiwekea kompyuta programu nyingine ya sauti, ya bure, nayo ikaanza kusema kama mtoto aliyejifunza kusoma jana. Kanyagio lilikataa katakata; mguu ulibonyeza, sauti haikurudi.

"Sasa chagua," alisema Fausto. "Kesho upimiwe kwenye hii au kwenye Mac? Hii haina kitu ndani. Ile huijui."

Edelmira alikaa kitandani, kompyuta mapajani. Wiki mbili alikuwa amechagua na kuchagua, na sasa pande zote mbili alikuwa mgeni. Alimwomba Bwana wa Miujiza, alimwomba marehemu mama yake. Alisikia Zoraida jikoni akiosha vyombo taratibu, bila kuvigonganisha.

"Hii," alisema mwisho. "Angalau vidole vinaijua njia."

"Mpigie Doctora umweleze. Namba ninayo, nikupigie mimi?"

"Nimweleze nini? Kwamba fundi amefuta akili zangu? Atasema maskini."

Jumatatu akaenda akiwa amesuka nywele na kuvaa blauzi yake nzuri. Sauti aliyopewa ilikuwa kesi ya ardhi, hakimu wa kawaida, mawakili wawili wanaokatizana. Kesi kama hizo zamani alikuwa akiziandika huku anafikiria chakula cha jioni. Akavaa hedifoni, akaanza. Dakika za mwanzo aliandika kila neno kwa ukamilifu, polepole, akirudisha sauti kwa mkono, na alijisikia akiachwa nyuma. Akaongeza mwendo. Hakimu naye akaongeza. Mawakili wakaanza kugombana. Basi hofu ikamshika, na alipoacha kufikiri, vidole vikashika njia yao ya zamani, vikaenda, vikaenda, vyepesi kama siku zote. Moyo ukamtulia. Akasema moyoni, Mungu wangu, kumbe naweza! Kengele ya mchana ilipolia alikuwa amefika dakika ya thelathini na nane.

Doctora alikuja akasimama nyuma yake. Akasoma. Akarudi juu, akasoma tena.

"Edelmira," alisema, "hii ni lugha gani?"

"Vipi, Doctora?"

"Kurasa mbili za mwanzo naelewa. Baada ya hapo ni mhk, mhk, wsh, kpm, mhk... Ni herufi tupu. Hakuna neno hapa."

Vidole vilikuwa vimeandika vifupisho, na hapakuwa na kitu cha kuvifumbua. Ile sauti mpya ilikuwa imemsomea herufi hizo, lakini taratibu, nyuma sana, na yeye alikuwa ameacha kuisikiliza kwa sababu ya furaha. Fausto akaanza kusema, "Doctora, ngoja nikueleze, huyu Jumamosi..." Lakini Edelmira alishasimama, anakunja waya wa hedifoni.

"Usijali, Fausto," alisema. "Hakuna shida."

Doctora hakuwa mtu mbaya. Alimpa mkono, akamshika na bega, akasema kazi zikizidi watampigia simu. Edelmira alimshukuru. Kila mtu pale ofisini alijua simu hiyo haitapigwa, na yeye alijua kwamba wanajua.

Alitembea na fimbo yake mpaka kona ya nyumbani, kwa Doña Primitiva muuza mkate. Huyu Doña Primitiva alimfahamu miaka na miaka. Edelmira aliagiza mikate sita, akalipa, akanyoosha mkono apokee mfuko. Mfuko haukuja.

"Haya, mteja wangu," alisema Doña Primitiva, akingoja. "Mbona leo hunidai yapa yangu? Umenikasirikia?"

"Sijakukasirikia, mama. Leo nipe nilichonunua tu. Usiniongezee kitu. Tafadhali."

"Makubwa!" alisema yule mama, na akampa mfuko.

Nyumbani Zoraida alimfungulia mlango. Alimtazama alivyouweka ule mkoba wa kompyuta chini, akaelewa, akaenda kuchemsha maji. Edelmira aliketi mezani, akaitoa mikate mfukoni mmoja mmoja, bado ya moto, akaipanga kwenye sahani. Mmoja, wawili, watatu. Mkono ukarudi mfukoni baada ya wa sita kwa mazoea tu, ukakuta kuna mwingine.

Hakulia kwa Yerson, wala kwa Doctora, wala njiani kote. Hapo ndipo alipolia, mkate ule mkononi, kwa sauti, mpaka majirani wakapunguza redio. Zoraida alitoka jikoni na birika, akaitazama sahani, akahesabu.

"Sasa unalia nini wewe?" alisema, akaketi karibu yake. "Si wametuongezea?"